Bwana kwa Herufi Ndogo

Ukitaka kujua binadamu wanavyopenda vyeo, usiende bungeni wala kanisani; nenda kwa fundi wa mihuri. Huko ndiko watu wanakovua aibu. Mtu anakuja na karatasi yenye jina lake, na mbele ya jina kuna msururu wa vyeo mithili ya mabehewa, naye anataka vyote vikae ndani ya duara lisilozidi mdomo wa kikombe. Fundi akimwambia haviwezi kuenea, anakasirika kweli kweli, kana kwamba kinachotaka kupunguzwa ni mkono wake.

Fundi ninayemsimulia hapa alikata vyeo vya watu tangu ujana wake hadi nywele zikawa nyeupe. Mtaani walimwita Mzee Mihuri. Zamani, kabla ya mvi, alikuwa Fundi Mihuri. Jina alilopewa na mama yake lilikuwepo, ila lilikaa kama suti ya harusi: lipo kabatini, na siku ya kulivaa haifiki.

Kazi yake aliifanyia uani, katika kibanda cha matofali chenye dirisha moja la kupokelea wateja kwenye kichochoro. Ndani mlikuwa na meza iliyojaa makovu ya visu, mapande ya mpira, vishikio vya mbao, na kopo la gundi lisilofunikika vizuri. Alikata herufi kwa mkono, kinyumenyume, kutoka kulia kwenda kushoto, ili muhuri ukigongwa zisomeke sawasawa. Mashine zilipoingia mjini wateja wengi walimhama, na haikumshangaza. Walibaki wale wabishi wasioamini kitu ambacho hakikutokana na jasho la mtu.

Kati ya kibanda na mlango wa jikoni palikuwa na ua mdogo wenye kamba za kuanikia nguo. Kila mchana sauti ya mkewe ilipita chini ya kamba zile.

"Bwana!"

"Niko!" aliitikia bila kuinua kichwa.

"Chakula kinapoa!"

"Nakuja!"

Haji. Anamalizia herufi moja, kisha anaiona nyingine imepinda.

"Bwana!"

"Niko!"

"Uko wapi na chakula kiko mezani?"

Majirani waliyazoea haya hata wengine wakawa wanaitikia kwa mzaha nyuma ya ukuta, "Niko, mama, niwekee na mimi!" Ulikuwa mtaa wa watu wasio na dogo.

Mkewe alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na Jumapili alifundisha watoto kanisani. Walifahamiana pale pale dirishani. Mwalimu mkuu alimtuma kuchukua muhuri mpya wa shule, naye akaugonga kwenye kiganja chake ili aukague, akasoma, akacheka mpaka akashika ukuta. Fundi alikuwa amekata SHULE YA MISINGI.

"Fundi," alimwambia, "hii ni shule au kampuni ya ujenzi?"

Fundi aliona haya mpaka masikio yakamwasha. Akaukata upya. Mwalimu akaja kuukagua, akaja tena kuukagua, na mara ya tatu muhuri ulikuwa umekwisha kabidhiwa shuleni, kwa hiyo hapakuwa na cha kukagua ila fundi mwenyewe. Wakaoana. Kanisani mchungaji aliyataja majina yao yote mawili kwa sauti ya kujaza paa, akamuuliza bibi harusi kama anamkubali mtu huyu, naye akajibu, "Nakubali." Jina la bwana harusi hakulitaja. Fundi hakulitia maanani, maana siku hiyo hata yeye mwenyewe angeulizwa jina lake angebabaika.

Ila miezi ikapita, na mke anamwita "Bwana" tu. Siku moja akamuuliza.

"Mwalimu, mimi nina jina. Mbona hulitumii? Au ni baya?"

Mwalimu akafuta mikono, akaenda kuleta Maandiko yake, akayafungua upande wa Agano la Kale na kumwekea kidole. "Wewe ni mtu wa herufi. Unaona nini hapa?"

Fundi akainama. "BWANA. Herufi kubwa zote."

"Na hapa?"

"Hapa herufi kubwa ni ya kwanza tu."

"Haya. Penye herufi kubwa zote, ujue pale palikuwa na Jina lenyewe. Watu wa kale walilipenda Jina lile na kulicha hata wakaacha kulitamka. Limeandikwa, wanaliona, lakini jicho likiliona Jina, mdomo unasema Bwana. Tena waliandika kutoka kulia kwenda kushoto, kama wewe."

"Kumbe nina wenzangu." Akatabasamu, kisha akakumbuka shauri lake. "Lakini mimi hayo yananihusu nini?"

"Kitu ukikipenda sana hukitafuni hovyo kama karanga," alisema mkewe, bila mzaha hata kidogo. "Unakitunza."

"Kwa hiyo mimi ndiye Mungu humu ndani."

"Mungu gani asiyejua kufua soksi zake! Yule ni Bwana kwa herufi kubwa. Wewe ni Bwana kwa herufi ndogo. Kaa hapo hapo, usipande."

Alicheka, na kicheko kilikuwa cha kweli. Lakini ukweli mwingine ni kwamba kilimbakia kijiba moyoni. Kutwa nzima anakata majina ya wenzake, anayapuliza vumbi, anayagonga kwenye karatasi yakang'aa kwa wino. Akirudi nyumbani, la kwake hakuna anayelishika.

Kuhusu "Niko" nako palikuwa na kisa. Jioni moja aliitikia hivyo kama kawaida, mkewe akaangua kicheko peke yake jikoni. Akaja mlangoni na mwiko mkononi.

"Hivi unajua unachojibu? Musa alipokuwa mbele ya kile kijiti kinachowaka moto aliuliza, nikienda niseme nimetumwa na nani, jina lake nani? Akajibiwa kwa neno hilo hilo. Niko."

"Sasa unataka nijibu nini? Sipo?"

"Jibu tu. Lakini ujue lina mwenyewe."

Ndivyo alivyokuwa mwanamke huyu. Majina kwake yalikuwa na uzito. Watoto wake wa Jumapili aliwafundisha jina moja kila juma, na hakuwaruhusu kulikariri kabla hawajajua lilitoka kwenye shida gani. Imanueli, alisema, ni jina walilopewa watu walioogopa vita, kwamba Mungu yu pamoja nao. Mfariji ni la watu wanaoagwa. Akawaeleza habari za Hajiri, mjakazi aliyekimbia mateso ya bibi yake, akakaa nyikani kando ya chemchemi akiwa na mimba na asiwe na mtu, na huko akampa Mungu jina la kwake mwenyewe, Mungu anionaye. "Mfalme hakumpa jina hilo, wala kuhani," aliwaambia. "Aliyempa ni mtumishi wa ndani."

Mtoto mmoja mtundu aliwahi kumuuliza, "Mwalimu, kwa nini Mungu ana majina mengi? Anakimbia polisi?"

Darasa zima likacheka, naye akacheka nao. Kisha akamuuliza, "Mama yako wewe unamwitaje?"

"Mama."

"Bibi yako anamwitaje?"

"Mwanangu."

"Sokoni?"

"Dada."

"Ni watu wangapi hao?"

"Mmoja."

"Basi. Kila mtu humwita kwa kile anachomhitajia."

Hakuwa mtakatifu wa kuchosha, msidhani. Siku moja alipeleka chai kibandani akamkuta mteja mwenye suti nyeupe, na karatasi yake imeandikwa Mtume, Nabii, Askofu Mkuu, Daktari, ndipo jina. Fundi alikuwa anatokwa na jasho, anapima kwa rula. Mwalimu akaweka kikombe, akaisoma ile karatasi, akasema taratibu, "Mwenye kanisa lenyewe alipenda kujiita Mwana wa Adamu. Yaani mtu. Lake lingeenea bila shida." Mteja akakunja karatasi yake, akaondoka na vyeo vyake vyote.

"Umenifukuzia mteja," fundi alilalamika.

"Nimekuokoa na rula."

Walipata mtoto mmoja, wa kike, akakua, akaajiriwa mpishi katika shule ya bweni upande wa pili wa mji. Na pengine maisha yangeendelea hivyo hivyo, chai na soksi na Niko, kama uzee ungekuwa ni mvi tu.

Yalianza kwa vitu vidogo. Upawa ukawa "kile cha kuchotea". Kibiriti kikawa "kile cha moto". Walicheka wote wawili, wakasema ndio uzee huo umebisha hodi. Kisha mama jirani, aliyekuwa akiazimana naye chumvi miaka yote, akawa "yule wa ukutani". Kisha ikaja Jumapili moja mwalimu akasimama mbele ya watoto, akafungua mdomo atoe jina la juma lile, jina lisije. Watoto walidhani ni mchezo. Wakaanza kumrushia majina kwa kelele, Mchungaji Mwema! Mwanakondoo! Neno! naye amesimama katikati anawatazama mmoja mmoja.

Alirudi nyumbani akaketi kitandani na viatu vyake miguuni.

"Bwana," alisema, "leo nimepotea darasani."

Mume akapiga magoti kumvua viatu. Alifungua kamba taratibu kuliko ilivyohitajika, maana hakutaka kuinua uso wake upesi.

Mficha maradhi kifo humuumbua, kwa hiyo hawakuficha. Daktari aliwaeleza kwa upole kwamba ni ugonjwa wa ubongo, kwamba unakwenda mbele tu, haurudi nyuma. Mwalimu aliitika kila alichoambiwa kama mwanafunzi mwenye adabu. Walipofika barabarani akauliza wametoka wapi.

Ajabu ni kwamba ugonjwa ule ulichagua. Majina ya watu ulikuwa unayachukua moja moja, lakini majina ya Mungu hayakuguswa. Asubuhi alikaa chumbani kwake kando ya dirisha linalotazama barabara, mikono mapajani, akayataja yote kwa sauti ya darasani, na kila moja na shida yake. Ila binti yake alipokuja Jumamosi na kumwamkia, alimwambia, "Marahaba, dada. Wewe ni wa kliniki?" Binti alikwenda jikoni, akafungua bomba, akalia maji yakitiririka ili asisikike. Baba yake alimsikia.

Yeye mwenyewe zamu yake ilifika mchana mmoja wa kazi. Alikuwa kibandani. Sauti ikaja, "Bwana!"

"Niko!" Akaacha kisu, akaenda upesi.

Alimkuta ameketi palepale dirishani. Mkewe akageuka, akamtazama kuanzia aproni hadi viatu.

"Sikukuita wewe," alisema.

"Ulimwita nani, Mwalimu?"

"Nimemwita Bwana."

Akasimama mlangoni na vipande vya mpira kwenye nguo zake. Hakujua aondoke au akae. Mwishowe akasema, "Samahani," akarudi kazini, akakaa mbele ya muhuri wa watu asiuguse.

Tangu siku hiyo akawa mtu wa mashaka. Anaitwa mara nyingi tu, lakini hajui mwito ni wa nani. Mara nyingine akienda anapokewa kwa tabasamu, "Umekuja? Nipe maji," na furaha inamjaa kama kijana aliyejibiwa barua. Mara nyingine akienda anakuta macho yamefumbwa na midomo inacheza, anajua amekatiza mazungumzo yasiyo yake. Ulikuwa wivu, tusizunguke. Mzee mzima alimwonea wivu Mungu. Alijua ni upuuzi, akajikemea, na wivu ukabaki.

Mchungaji alikuja kumwombea mgonjwa. Alikuwa kijana, ndiye yule mtoto mtundu aliyeuliza habari za polisi. Alipoanza kusali, kila alipotaka kutaja jina la Mungu mgonjwa alimtangulia, tena kwa jina zuri zaidi, hadi mchungaji akanyamaza akamwachia amalize. Baadaye mzee alimtoa hadi kibandani, wakakaa kwenye benchi.

"Mchungaji, Mungu ana majina mangapi?"

"Mengi, mzee."

"Na mke wangu yote anayakumbuka. Mimi ninalo moja." Akaokota kipande cha mpira, akakitupa. "Maisha yetu yote hajalitaja. Nilijua ni mapenzi, sikulalamika. Sasa sijui tena. Akisema Bwana sijui ni nani. Nataka anitaje mara moja tu, nijue kwamba bado nimo mle ndani. Nikijua hilo, hata akinisahau kesho nitatulia."

Mchungaji akakiokota kile kipande. "Ningekwambia namjua anayemwita ningekudanganya, mzee wangu."

"Afadhali usinidanganye."

"Lakini akiita, wewe itika tu. Yule mwingine hatagombana nawe."

Mzee alicheka kidogo, kwa pua. Neno lile lilimsaidia siku chache.

Kinyozi hajinyoi, na yeye katika miaka yote ile hakuwahi kukata muhuri wa jina lake. Sasa akakata. Alichagua kipande kizuri cha mpira alichokuwa amekihifadhi, akakata herufi kubwa, wazi, za mtu mwenye macho ya kizee. Aliikosea herufi ya kwanza, akaanza upya. Jumamosi, binti akiwepo, alichukua karatasi nyeupe, akagonga, akapuliza wino ukakauka, akamwekea mkewe mapajani. Alijua kwamba kusoma bado anasoma. Chochote chenye maandishi kikipita mbele yake alikisoma kwa sauti.

"Mwalimu, nisomee hapa."

Mwalimu akapitisha kidole juu ya herufi, ya kwanza hadi ya mwisho. Midomo yake ikajikusanya. Mzee aliona, na angeapa mahakamani kwamba aliona, midomo ile ikishika umbo la herufi ya kwanza ya jina lake. Kisha ikalegea. Uso ukatulia, ukawa na haya kidogo, kama uso wa msichana.

"Bwana," alisoma.

"Hapana, Mama," alisema binti, ameinama begani kwake. "Hapajaandikwa hivyo. Tazama vizuri."

"Nimesoma."

"Baba, basi," binti alisema kwa huzuni. "Hata kusoma kumeondoka."

Mzee alikwenda jikoni mbio mbio kwa miguu yake mibovu, akarudi na mfuko wa unga, akamwekea mkewe mapajani, nusu ya unga ikamwagika. Mwalimu akausoma wote, jina la unga, uzito, na onyo la kuweka mahali pakavu.

"Kusoma hakujaondoka," mzee alimwambia binti yake, na sauti yake haikuwa sawa. "Jicho likiliona, mdomo unasema Bwana. Amelisoma. Amelisoma, mwanangu."

Binti hakuelewa. Alidhani sasa ana wagonjwa wawili. Akachukua ufagio, akafagia unga.

Mzee aliishi kwa neno lile kwa muda. Lakini usiku kucha alikuwa akijibishana na nafsi yake. Huenda amelijua jina akalitunza. Huenda pia ni neno tu lililokuwa karibu na ulimi. Mwenye njaa akionjeshwa, njaa humzidi; sasa alitaka kulisikia kuliko hapo kwanza.

Badala yake yakaja mabaya zaidi. Mvua zilipoanza, mwalimu aliamka akaona mwanamume kitandani kwake akapiga kelele. Mzee akahamia kwenye kochi sebuleni. Akawa anaingia chumbani kwa kubisha hodi, kwenye nyumba yake mwenyewe, na kuaga akitoka. Alimlisha, alimchana nywele, alimkata kucha, na kila alipomaliza aliambiwa, "Asante, kaka. Mungu akubariki." Alikuwa na shukrani nzuri sana, mwanamke yule, na kila shukrani ilimchoma mzee. Mtu humshukuru hivyo mgeni. Mume hapo zamani aliambiwa, "Umechelewa."

Mchana mmoja mvua ilipokatika kidogo aliingia na sahani ya chakula. Hakuwa amenawa vizuri. Wino ulikuwa umembakia vidoleni. Mwalimu akamshika mkono, akaugeuza, akaukagua.

"Wewe ni fundi?"

"Ndiyo, Mwalimu. Fundi wa mihuri."

Akamtazama usoni kwa makini, na kitu kikamwamkia machoni. "Wewe! Ulikosea muhuri wetu. Shule ya Misingi!"

"Nilikosea," mzee alisema. "Nisamehe."

Wakacheka. Alikuwa hajamsikia akicheka tangu mvua zianze, akashukuru kwa hilo tu, akaweka sahani kwenye kistuli na kuketi.

"Fundi, nataka muhuri mwingine. Huu si wa shule. Ni zawadi."

"Ya nani?"

"Ya bwana wangu."

Mzee alifuta wino kwenye aproni. Halafu likamtoka lile swali alilowauliza watu dirishani maisha yake yote, nalo likamtoka kwa mazoea, kabla hajalifikiria.

"Niandike jina gani?"

Mwalimu akatazama mlango. Akatazama mikono yake. "Huwa silitaji," alisema.

"Najua. Lakini fundi hawezi kukata jina asiloambiwa."

"Utaweka siri?"

"Nitaweka."

"Sogea."

Akasogea. Mkewe akaweka kiganja kando ya mdomo kama watoto wanapoambizana siri darasani, akalisema. Alilisema lote, la kwake na la baba yake, pole pole, bila kukosea hata silabi moja. Mzee aliwahi kulisikia jina lile likiitwa na makarani na manesi, likiitwa vibaya, likiitwa kwa haraka. Kumbe lilikuwa na sauti hii. Mimi sitaliandika hapa. Mwenye haki ya kulitaja alilitunza miaka yote ile, na aliyeambiwa aliapa kuweka siri.

"Umelisikia?"

Alitikisa kichwa kukubali.

"Zuri, eh?"

"Zuri, Mwalimu."

"Usimwambie nimelitaja. Ataringa."

"Sitamwambia."

Mwalimu akaridhika. Akavuta khanga mabegani. Kisha akakunja uso, akainua shingo kuelekea mlangoni.

"Yuko?"

Ulimi wa mzee ulikuwa na jibu moja tu la swali hilo, na lilifika mpaka kwenye meno. Akalizuia. Akiitoa "Niko" hapa, mbele ya macho haya, itakuwa ni mgeni anayejipa jina la mtu.

"Yuko," alisema.

"Mbona haji sasa? Chakula kinapoa." Na akaita, kwa nguvu ambayo hakuna aliyejua bado anayo. "Bwana!"

Mzee akainuka. Akapita jikoni, akafungua mlango, akavuka ua chini ya kamba zenye matone ya mvua, akasimama mlangoni pa kibanda chake. Alifuta uso kwa aproni.

"Bwana!"

"Niko!" akaitikia.

Kisha sauti ikaja kutoka ndani, sauti yake kabisa, ya mwanamke aliye kwake na asiye na wasiwasi wowote.

"Uko wapi na chakula kiko mezani?"

"Nakuja!"

Hakwenda. Alijua kwamba akivuka ua ule, akibisha hodi na kuingia, atakayeingia ni fundi. Mvua ikaanza tena kidogo kidogo, naye akabaki pale pale, mkono kwenye fremu ya mlango, akingoja aitwe.

"Bwana!"

"Niko!"